Dakika Moja ya Kumpakata Mjukuu: Kisa cha Askari Magereza wa Robben Island

Chumba cha kuonana na wageni katika gereza la Robben Island, kisiwa kilicho karibu na Cape Town, Afrika Kusini, kilitengenezwa ili watu waonane bila kugusana. Mgeni anakaa kwenye kibanda chembamba, mbele yake kioo. Ng'ambo ya kioo anakaa mfungwa. Wanaongea kwa mkonga wa simu, na askari wapo hapo hapo wanasikiliza. Ruhusa ni mambo ya familia tu: nani kazaliwa, nani kafa, nani anasoma wapi. Likitajwa jina geni, askari anauliza huyo ni nani. Ikinukia siasa, maongezi yanakatwa.

Mwaka 1980 Winnie Mandela alivuka bahari kutoka Cape Town kwenda kwenye chumba hicho, akiwa amebeba mtoto mchanga ndani ya blanketi. Alikuwa mjukuu wao, wa miezi michache. Askari aliyekuwa zamu, kijana wa Kikaburu aitwaye Christo Brand, alimwambia mama huyo kwamba mtoto haruhusiwi kuingia. Winnie akaomba, akakataliwa. Akamwacha mtoto kwenye chumba cha kungojea, akaingia peke yake. Mle ndani Nelson Mandela naye akaomba, walau amwone kwa mbali kupitia kioo. Naye akakataliwa.

Baadaye Brand akamwendea Winnie, akasema anatamani tu kumbeba mtoto kidogo. Akampokea, akatoka naye, akazunguka kwenye ujia hadi upande wa wafungwa, akamweka mikononi mwa babu yake. Kwa maelezo ya Brand, mzee alimpakata, akambusu, machozi yakamlengalenga. Haikufika hata dakika. Mtoto akarudishwa kwa bibi yake, na bibi akapanda boti kurudi Cape Town bila kujua mjukuu wake ametoka wapi.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi, na mara nyingi ili kuliza watu. Mimi sehemu inayonikaa kichwani ni hiyo ya mwisho, ya Winnie kurudi kwenye boti hajui. Yeye ndiye aliyesafiri, yeye ndiye aliyeomba, na ombi lake lilikubaliwa, lakini hakuambiwa kwamba limekubaliwa. Ukitaka kuelewa wema wa gerezani unavyofanya kazi, anzia hapo.

Kwanza kanuni yenyewe. Mandela alihukumiwa kifungo cha maisha tarehe 12 Juni 1964, katika kesi ya Rivonia, ya hujuma dhidi ya serikali. Kabla ya hapo alikuwa tayari anatumikia miaka 5, aliyopewa Novemba 1962 kwa kuchochea mgomo na kwa kutoka nchini bila pasipoti. Safari hiyo ya kutoroka ndiyo iliyompitisha Mbeya na Dar es Salaam, akaonana na Mwalimu Nyerere. Alipofikishwa Robben Island kuanza kifungo cha maisha aliwekwa daraja la chini kabisa, D: mgeni mmoja na barua moja kila miezi 6. Daraja lilipanda kidogo kidogo kadiri miaka ilivyokwenda, lakini lilipanda kama zawadi ya tabia njema, na zawadi aliyeitoa huweza kuichukua tena.

Mama yake alifariki mwaka 1968. Akaomba ruhusa ya kwenda kuzika, akanyimwa. Mwaka uliofuata mwanawe wa kwanza, Thembi, akafa katika ajali ya gari. Akaomba tena, akanyimwa tena. Kwa mila za Waxhosa, kama zilivyo mila za makabila mengi ya kwetu, mtoto wa kiume kutomzika mama yake ni jambo zito sana. Hayo hayakufanywa na askari mkatili aliyeamka vibaya siku hiyo. Ndivyo utaratibu ulivyotaka.

Na watoto walikuwa na kanuni yao. Mtoto ambaye hajatimiza miaka 16 hakuruhusiwa kumwona mfungwa. Zindzi, binti mdogo wa Mandela, aliachwa na baba yake akiwa hajaanza hata shule. Alipomwona tena alikuwa na miaka 15, mwisho wa mwaka 1975, na aliingia kwa sababu Winnie aligeuzageuza tarehe kwenye vyeti ili binti aonekane ametimiza 16. Kwa hiyo tusidhani kwamba Brand ndiye mvunja kanuni wa kwanza katika familia hii. Mama wa familia alikuwa mzoefu. Tofauti yao ni kwamba yeye angekamatwa kama mhalifu, na Brand angekamatwa kama msaliti.

Winnie mwenyewe wakati huo alikuwa na kifungo chake. Tangu Mei 1977 serikali ilikuwa imemhamishia kwa nguvu Brandfort, mji mdogo wa Free State ambako hakujua mtu. Kutoka huko hadi Cape Town ni karibu kilomita 1,000, na hakuweza kutoka bila kibali. Safari moja ya kuja kuongea kwa mkonga wa simu ilihitaji karatasi, nauli na siku kadhaa njiani. Halafu unafika na mtoto mkononi, kijana ambaye hajaanza hata kupata ndevu za maana anakwambia huyo hapiti.

Kijana huyo alifika kisiwani mwaka 1978, hajafika hata miaka 20. Alikuwa mtoto wa shamba kutoka Cape, aliyekulia akicheza na watoto weusi. Vijana wa kizungu wa Afrika Kusini walilazimika kwenda jeshini, na kuanzia mwaka 1977 muda ulikuwa miaka 2, wakati ambapo vita vya mpakani Namibia na Angola vilikuwa vimepamba moto. Kujiunga na magereza ilikuwa njia moja ya kukwepa. Hakuja Robben Island kwa sababu anapenda funguo. Alikuja kwa sababu hakutaka bunduki.

Amesimulia kwamba hakuwa amewahi hata kulisikia jina la Mandela. Aliambiwa anakwenda kuwalinda wahalifu wa kutisha. Akakuta wazee: Mandela alikuwa ametimiza miaka 60 mwaka huo huo, Walter Sisulu, mwenzake wa kesi ya Rivonia, alikuwa amemzidi umri. Wazee wanaoamkia kwa adabu, wanaosoma usiku, wanaomuuliza habari za wazazi wake. Kwa kijana aliyelelewa kumheshimu mkubwa, hilo ni tatizo la kikazi. Mafunzo yamekwambia huyu ni gaidi. Macho yanakwambia huyu ni rika la babu yako, na anakuhimiza usome ili usizeekee kwenye lindo.

Na hapa tusiwe wepesi kudhani ni bahati tu. Mandela alikuwa na mkakati kuhusu askari. Alijifunza Kiafrikana akiwa gerezani, akasoma historia ya Makaburu na vita vyao dhidi ya Waingereza, na aliwahimiza wenzake wajenge mazungumzo na walinzi badala ya kuwanunia. Aliandika baadaye kwamba askari wa zamu ana uzito katika maisha ya mfungwa kuliko waziri. Ukitaka blanketi la ziada, ukimwandikia waziri wa sheria hupati jibu. Ukimwendea kamishna wa magereza atakwambia kanuni hairuhusu. Lakini ukielewana na askari wa korido lako, anakwenda stoo kukuletea. Aliyewahi kupeleka chakula kwa ndugu yake mahabusu anaelewa haraka. Pale getini cheo kikubwa ni cha yule aliyeshika daftari la wageni.

Kwa hiyo dakika moja ya mwaka 1980 ilikuwa na miaka miwili ya kuamkiana nyuma yake. Sisemi Mandela alipanga hivyo ili siku moja ampate mtoto. Nasema udongo ulikuwa umelimwa.

Sasa tuitazame hatua yenyewe kwa karibu, kwa sababu mpangilio wake una mengi. Brand alikataa kwanza. Alimkatalia Winnie waziwazi, akamkatalia Mandela waziwazi, na kwenye mkonga kila neno linasikika. Alijenga rekodi ya kukataa. Kama kuna mtu angeuliza baadaye, jibu lilikuwepo: mama aliomba, nikamkatalia, mzee aliomba, nikamkatalia. Ndipo akavunja kanuni, mahali ambapo hakuna aliyeomba tena. Askari anayetaka kusaidia na kubaki kazini hufanya hivyo duniani kote: anakuwa mkali mbele ya watu, halafu anafumba macho kwenye ujia.

Angekamatwa, angemwaga unga, na huenda angeshtakiwa. Na kijana asiye na kazi ya magereza ana kila sababu ya kuitwa jeshini. Kwa hiyo kile alichokiweka rehani kwa ajili ya dakika ile kilikuwa kitu chenyewe kilichomleta kisiwani. Aliyesema kwamba msaada ule ulikuwa mdogo hajapiga hesabu kwa upande wa aliyetoa.

Lakini kuna hesabu nyingine, nayo ndiyo inayonifanya nisikisimulie kisa hiki kwa machozi matupu. Miaka miwili kabla, mwaka 1978, Mandela alikuwa amekwisha kumpakata mjukuu mwingine, pale pale Robben Island, mchana kweupe. Binti yake mkubwa kwa Winnie, Zenani, alikuwa ameolewa na mwana wa mfalme wa Swaziland, na ndoa hiyo ilimpa hadhi ya kidiplomasia. Kwa hadhi hiyo yeye na mumewe hawakupelekwa kwenye vibanda vya kioo. Walikutana na Mandela chumba kimoja, wakakumbatiana, na yeye akamshika mtoto mchanga muda wote wa ziara. Ni yeye aliyempa jina, Zaziwe, lenye maana ya tumaini. Hakuna askari aliyelazimika kuzunguka ujiani.

Weka visa hivi viwili pamoja. Kisiwa kile kile, mfungwa yule yule, mtoto mchanga wa ukoo ule ule. Mmoja aliingia kwa mlango wa mbele kwa sababu baba yake ni mtoto wa mfalme. Mwingine alipitishwa kwa kuibwa kwa sababu bibi yake alikuwa amekuja na kibali cha kawaida. Basi ile kanuni haikuwa ya usalama. Kama kumshika mtoto mchanga kungehatarisha gereza, kungelihatarisha mwaka 1978 vilevile. Kanuni ilikuwepo ili kuumiza, na iliondoka mara moja ilipokutana na pasipoti ya kifalme. Brand, bila kujua pengine, alimpa Winnie kile ambacho serikali yake ilikuwa imekwisha kumpa mkwewe kwa heshima zote.

Robben Island ilikuwa na askari wengine waliovunja kanuni, na si wote kwa huruma. Magazeti yalipigwa marufuku kwa wafungwa wa siasa mpaka mwaka 1980, na kwa miaka yote ile kiu yao kubwa ilikuwa habari. Waliokota vipande vya gazeti vilivyofungia vitafunio vya askari. Waliiba. Na Mac Maharaj, mmoja wa wajanja wa kundi la Mandela, alimpata askari mmoja aliyetaka kuandikiwa insha kwa ajili ya shindano. Maharaj akamwandikia. Askari akamlipa kwa pakiti ya sigara. Kuona pakiti iko mkononi, Maharaj akamwambia kwa upole kwamba alama za vidole vyake ziko pale, na kwamba mkuu wa gereza angependa kuziona. Tangu hapo magazeti yakaanza kuja.

Napenda kukiweka kisa hicho kando ya kile cha Brand. Kwa nje ni kosa moja: askari amempa mfungwa kitu kilichokatazwa. Kwa ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Yule wa insha alinaswa. Kila gazeti alilopitisha lilizidi kumkaza kitanzi, na huenda alimchukia Maharaj kila asubuhi. Brand hakunaswa na mtu. Lakini, na hapa ndipo ninapotofautiana na wanaomchora kama malaika, baada ya dakika ile alikuwa mikononi mwa Mandela sawasawa na yule mwingine alivyokuwa mikononi mwa Maharaj. Mzee angeropoka mara moja tu, kwa barua au kwa mwenzake wa seli, kijana amekwisha. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata hapa ilikuwa ya mfungwa wa maisha. Mwenye funguo akawa anamtegemea aliyefungiwa.

Mandela hakuitumia. Naona hilo ndilo lililomshinda Brand zaidi ya machozi: kwamba mzee yule, aliyekuwa na haki ya kuchukia kila sare iliyopita mbele yake, alishika kitu ambacho kingemwangamiza askari wa adui na hakukigeuza kuwa silaha. Wala hakuomba tena kwa mgongo wa lile la kwanza. Urafiki wao nadhani ulianzia hapo, kwenye kunyamaza kuliko kwenye kupewa.

Na sasa turudi kwa Winnie. Kwa nini asiambiwe? Jibu la haraka ni usalama: yeye alikuwa anafuatiliwa, barua zake zinafunguliwa, nyumba yake inapekuliwa. Siri inayojulikana na watu watatu, mmoja wao akiwa Brandfort akizungukwa na polisi wa usalama, si siri. Naongeza jambo jingine. Winnie alikuwa mpiganaji. Angefurahi, na furaha yake ingekuwa na sauti. Angeweza kuieleza familia, na familia ingeeleza jirani. Sheria ya Magereza ya mwaka 1959 ilifanya iwe hatari hata kwa magazeti kuandika habari za gerezani, na ndani ya ukimya huo ndimo udhalimu na wema vilijificha pamoja, kama panya na paka chini ya uvungu mmoja. Ukimya ule ule ulioficha vipigo vya machimbo ya chokaa miaka ya sitini ndio uliomficha mtoto wa mwaka 1980.

Hiyo ndiyo gharama ya wema wa siri, na mlipaji wake hakuwa Brand wala Mandela. Alikuwa mwanamke aliyerudi kilomita 1,000 akiamini amekataliwa. Miaka ikapita akiwa anakumbuka siku ile kama siku ya kunyimwa. Ni kweli hakukuwa na njia nyingine salama. Lakini nikisoma watu wanavyokisimulia kisa hiki kama kicheko cha mwisho cha utu dhidi ya mfumo, najiuliza kama wamewahi kukaa upande wake wa kioo.

Kuna wengine pia ambao kisa hakiwataji. Gereza lilikuwa na mamia ya wafungwa wa siasa. Miongoni mwao walikuwa vijana wa Soweto waliokamatwa baada ya maandamano ya Juni 1976, baadhi yao wakiwa na watoto wachanga nyumbani. Wema wa Brand ulimfikia mtu mmoja aliyemfahamu. Hakuweza kuwafikia wengine, kwa sababu ukizunguka ujiani na watoto kumi siku kumi utakamatwa siku ya pili. Haki unaweza kuidai. Hisani unaingojea, na ikija huwezi kumwonyesha jirani yako wa seli ilikopitia.

Mwisho wa Machi 1982 Mandela, Sisulu na wenzao wachache wakahamishiwa gereza la Pollsmoor, nje ya Cape Town. Brand naye alifanya kazi huko. Aliendelea na makosa madogo madogo: mkate mzuri, mafuta ya nywele, vitu ambavyo ukivitaja kwa mtu aliye huru anashangaa kwa nini uvitaje. Mkate una historia yake. Kwa miaka mingi mgao wa chakula Robben Island ulifuata rangi. Mhindi na chotara walipewa mkate, Mwafrika akapewa uji wa mahindi. Mfungwa aliyekaa muongo mzima akitazama mkate kwenye sahani ya rafiki yake Ahmed Kathrada, mfungwa mwenzake mwenye asili ya Kihindi, haoni mkate kama chakula tu.

Tarehe 12 Mei 1984 Winnie alifika Pollsmoor na binti yake Zenani. Kabla ya kuingia akaitwa pembeni na askari, akashtuka, akadhani mumewe anaumwa. Akaambiwa kwamba leo wataonana chumba kimoja, bila kioo. Mandela aliandika kwamba walikumbatiana muda mrefu bila kusema neno, na kwamba ilikuwa miaka 21 tangu amguse hata mkono mkewe. Siku hiyo hakuna aliyevunja kanuni. Kanuni ilikuwa imebadilishwa na wakubwa, kwa sababu zao, wakati serikali ilipoanza kuona kwamba mzee huyo itabidi azungumze naye.

Lazima niseme neno kuhusu ushahidi, maana habari za askari wema huongezeka sana baada ya gereza kufungwa. Kila aliyekuwa na funguo anataka akumbukwe kama aliyefungua. James Gregory, askari mwingine aliyemlinda Mandela na kukagua barua zake, aliandika kitabu cha kumbukumbu kuhusu urafiki wao, na watu wa karibu na Mandela walikilalamikia vikali kwamba kimetia chumvi na kutumia mambo ya siri ya familia. Basi kwa nini tumwamini Brand? Sehemu ya mtoto hatuna mkanda wala daftari la zamu. Tuna neno lake. Kinachomtia nguvu ni wale waliokuwa na haki ya kumkana. Kathrada, aliyekaa gerezani miaka 26 na aliyekuwa makini sana na kumbukumbu, alimfanya rafiki na kumtetea mpaka alipofariki Machi 2017. Mandela naye hakumkana. Alifanya kinyume chake, na alifanya mbele ya watu.

Ilikuwa baada ya uchaguzi wa 1994. Brand alikuwa ameacha magereza na kupata kazi Bungeni Cape Town, katika ofisi ya Bunge la Katiba, akigawa nyaraka kwa wajumbe. Rais Mandela aliingia siku moja, wajumbe wamejipanga kumsalimia, akamwona kijana wake wa zamani amesimama nyuma na karatasi. Akamwita, akamtambulisha kwa waliokuwepo kwamba huyu alikuwa askari wangu na ni rafiki yangu, na ulipofika wakati wa kupiga picha ya pamoja akataka asimame naye.

Katiba waliyokuwa wakiiandika katika jengo lile ilisainiwa Sharpeville tarehe 10 Desemba 1996. Kifungu cha 35, katika sehemu inayohusu waliozuiliwa na waliofungwa, kinasema kila mtu wa namna hiyo ana haki ya kuwasiliana na kutembelewa na mwenzi wake, ndugu zake wa karibu, kiongozi wa dini na daktari anaowachagua. Rasimu zake zilipita kwenye meza ya ofisi aliyofanyia kazi Brand, zikahesabiwa, zikabanwa kwa pini, zikapelekwa kwa wajumbe mmoja mmoja.